Kitambaa Cheupe na Kiboksi cha Bluu

Mwanamke akisimama katikati ya stendi kumsikiliza mwanamume asiye ndugu yake, kuna mawili: ama huyo bwana ni mpangaji wake, ama masikio yamemponza. Mardhiya hakuwa na nyumba ya kupangisha.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, stendi ya Bagamoyo imechemka kama sufuria ya kunde. Makondakta wanagombea abiria wa Dar, bodaboda wanapita palipo na njia na pasipo na njia, na redio nne zinaimba nyimbo nne. Mardhiya alikuwa ametoka kununua risasi ya kulehemu, anarudi kibandani kwake Dunda. Alivaa buibui jeusi lililopigwa pasi likanyooka kama barua ya serikali, mtandio wa zambarau, na kidole gumba kimefungwa plasta, maana pasi ya kulehemu haijui huyu mwanamke huyu mwanamume. Alikuwa na miaka thelathini na moja na hajaolewa, habari ambayo mtaa ulikuwa ukiijua vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Ndipo akasikia gitaa.

Si gitaa la kuchezesha watu viuno. Hili lilikuwa likilalamika. Lilipanda taratibu, likajipinda juu ya noti moja, likailalamikia ile noti kama mtu anayesimulia msiba wake kwa mara ya kumi: machozi yamekauka, lakini hadithi haijaisha. Mardhiya akajikuta amesimama, na mwenye mkokoteni wa nazi nyuma yake akamwuliza kama ameota mizizi.

Sauti ilitoka kwenye meza ya Majaliwa, muuza vitu vya kontena. Majaliwa alikuwa na kila kilichochakaa Ulaya: pasi, blenda, mpaka viatu vya kutelezea barafu ambavyo vilikuwa vinamsubiri mteja wa Bagamoyo tangu mwaka juzi. Nyuma ya meza alisimama kijana mrefu, shati la kitenge cha maua, suruali ya jinzi yenye vumbi jekundu la Mapinga mpaka magotini. Gitaa limechomekwa kwenye amplifaya ndogo. Chini ya mguu wake kuna viboksi vitatu vya chuma, kila kimoja na ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche: cha njano, cha bluu na cha kijani.

"Chagua kaka," Majaliwa alisema. "Kengele za mlangoni hizo, imara!"

"Siyo kengele, ndugu yangu. Ni pedali za gitaa. Gitaa linaingia huku, waya wa spika unatoka kule, ukikanyaga hapa sauti inakwaruza."

"Yaani unatoa pesa ili uharibiwe sauti?"

"Iharibiwe kwa adabu," yule kijana alisema. "Muziki ninaopiga mimi ni bluzi, wa Wamarekani weusi. Sauti ikiwa safi sana hakuna anayeamini kama umeumia."

Mardhiya alicheka. Kijana akainua uso.

"Habari ya asubuhi, dada. Unanicheka mimi au gitaa?"

"Nzuri. Nakicheka hicho cha njano. Kinapiga kelele kama mtu aliyeletewa mke mwenza."

"Na hiki?" Akakanyaga cha bluu, akapiga. Sauti ikatoka pana, laini, ina ukwaruzo kidogo pembeni kama sukari guru.

"Halua," Mardhiya alikiri.

"Na hiki?" Akakanyaga cha kijani.

"Hicho kinasemea puani. Kichukue hicho."

Kijana akamtazama kama aliyesikia mtu akisifia ubwabwa ulioungua. "Cha puani? Kwa nini, dada yangu?"

"Unapiga peke yako?"

"Nina bendi. Dramu, besi na kinanda."

"Basi halua yako wataila wenzako. Besi atakula chini, matoazi yatakula juu, wewe utabaki na sahani. Sauti ya puani inakaa katikati, ndipo palipo na nafasi. Bibi yangu akiniita kutoka uani wanamsikia mpaka barabarani. Unadhani ana nguvu? Mwanamke ana kilo arobaini. Anaitia puani tu."

Watu walicheka. Kijana naye alicheka, akakipiga cha kijani mara moja tena, akakunja uso, akanunua cha bluu. Mwanamume akishapenda kwa macho huwa anasema amesikiliza.

"Naitwa Mtoro," alisema akifungasha. "Napima viwanja Mapinga. Wewe?"

"Fundi."

"Jina hilo?"

"La leo ndilo hilo."

Mardhiya akaondoka. Hatua kumi mbele akarudi, si kwa Mtoro, hapana, kwa Majaliwa. Akakitwaa kile cha kijani kwa ahadi ya kumtengenezea kipaza sauti chake cha kuitia wateja. Majaliwa akaona amepata faida kwa kengele ya mlangoni.

*

Kibanda cha Dunda kilikuwa cha marehemu baba yake, Mzee Shamsudin, aliyekuwa akitengeneza amplifaya za vikundi vya taarabu toka Pangani mpaka mjini. Juu ya mlango bado paliandikwa SHAMSUDIN NA WANAWE, na hao wanawe wote alikuwa Mardhiya peke yake. Baba ndiye aliyemfundisha kusikiliza redio kama daktari anavyosikiliza kifua. Watu waliosema mtoto wa kike ataungua vidole walisema kweli, aliungua. Lakini redio zao wenyewe walizileta kwake, tena kimyakimya.

Jumamosi iliyofuata mlango ulijaa mtu.

"Hodi fundi."

"Karibu. Nani kakuelekeza?"

"Niliuliza penye bibi anayesikika mpaka barabarani. Kila mtu alipajua."

Alileta gitaa, kiboksi cha bluu, na tende kwenye karatasi. Mardhiya alikichomeka, akaangalia nobu zake tatu za kuzungusha: ya sauti, ya ung'avu na ya ukali. Ya ukali ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho.

"Hii umeifanyia nini?"

"Ndiyo utamu wenyewe huo."

"Huo si utamu, huo ni uchoyo." Akairudisha nyuma, ikabaki robo. "Sasa piga polepole." Gitaa likatoka safi, kama maji ya mtungini. "Sasa piga kwa nguvu, kama umedhulumiwa kiwanja." Mtoro akapiga, na gitaa likanguruma. "Umeona? Isikasirike yenyewe. Ikasirike pale unapoikasirisha wewe, halafu itulie. Mtu anayepiga kelele muda wote nani anamwogopa?"

Mtoro alipiga tena, polepole, kwa nguvu, polepole. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyeonyeshwa kuwa mlango ule una ufunguo. Kisha akaacha kutazama gitaa, akatazama mikono iliyokuwa juu ya nobu. Mardhiya akaivuta ndani ya mikono ya buibui, na makovu yake madogo ya moto.

"Usiifiche," alisema Mtoro. "Nimeona mikono mingi mizuri. Yenye akili ndiyo kwanza naiona leo."

Mwanamke wa miaka thelathini na moja ameshasikia sifa za macho, za mwendo na za mapishi ambayo hajapika. Za akili ya mikono alikuwa hajawahi kuzisikia, akala tende.

Kuanzia hapo Jumamosi ikawa na mwenyewe. Siku za katikati zikawa za simu. Mtoro aliiweka simu juu ya kiti huko Mapinga, akapiga gitaa, Mardhiya akasikilizia Dunda.

"Fundi wangu."

"Abee."

"Umeisikia hiyo?"

"Nimeisikia. Irudishe nobu ya ukali."

"Umejuaje nimeipandisha? Kutoka Dunda?"

"Kila ukifika kwenye ile sehemu ya kupanda juu, unaipandisha ujifiche nyuma yake. Unaogopa noti itoke peke yake watu waione."

Mtoro akairudisha nobu. Kisha akaipiga tena ile sehemu, bila kujificha, na noti moja ikatetemeka ikakosewa kidogo, na kwa kukosewa kule ikawa nzuri mpaka Mardhiya akaweka chini redio ya watu aliyokuwa ameishika.

"Laazizi, umenisoma," alisema Mtoro.

"Nani laazizi?"

"Samahani. Nimekosea namba."

"Basi endelea kukosea."

Bibi yake, Bi Shufaa, aliyekuwa hasikii akiambiwa achemshe chai, aliyasikia hayo yote kupitia ukuta. "Mjukuu wangu," alisema, "kijana anapiga vizuri, sikatai. Roho yangu mwenyewe ilitoka nje ikarudi. Lakini miezi minne analeta tende na waya. Wazee hajaleta. Wewe ni mke au ni soketi?"

Mardhiya alicheka, lakini neno lile lilibaki naye kama mchanga kwenye kiatu. Kwa sababu kweli, Mtoro alikuwa akisifia masikio yake, mikono yake, akili yake. Na fundi mzuri hata mwanamume huwa anasifiwa hivyo.

*

Jumanne, siku nne kabla ya tamasha la muziki ambalo bendi ya Mtoro ilikuwa imepata nafasi ya kupiga, baada ya swala ya alasiri, Mzee Mwinyimvua alitokea kwenye baraza la Bi Shufaa.

Mzee Mwinyimvua ni ami yake Mtoro, na ndiye mshenga wa mji. Alikuwa amepeleka posa arobaini na moja, na zilizorudi ni mbili tu, moja ikiwa ya kwake mwenyewe. Siku hiyo alivaa kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia ya kushona kwa mkono, na nyuma yake mzee mwenziwe kama shahidi. Mkononi ameshika kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe kipya, na ncha ya barua imechungulia.

Majirani watatu wakakumbuka kwa pamoja kuwa nje ya nyumba zao kunahitaji kufagiliwa.

"Assalaam aleikum, Bi Shufaa."

"Waaleikum salaam. Karibuni, karibuni."

"Hatukai sana. Tumetumwa na kijana wetu, Mtoro. Mzigo huu ni wa Mardhiya. Kijana anaomba jibu kabla ya Jumamosi." Akapunguza sauti. "Vijana wa siku hizi wana haraka, Bi Shufaa, tuwasamehe."

Bi Shufaa akakipokea kitambaa kwa mikono miwili, na mikono ikashuka. Kilikuwa kizito. Uso wake ukabaki wa heshima, lakini macho yalishafika kwa sonara.

Nyuma ya pazia Mardhiya alifunga mtandio wake upya.

Sasa, kwa watu wa pale barua ya posa haifunguliwi ikifika. Kufungua siku ileile ni njaa, na nyumba yenye binti haionyeshi njaa. Hungojewa wajomba na maami wakae, ndipo isomwe. Bi Shufaa akakifungia kitambaa kwenye sanduku lake la njumu za shaba, akapiga simu Saadani kwa mwanawe Ibrahimu, anayeendesha gari la hifadhi, akapiga na Pangani kwa ami yake Mardhiya, Mahmoud. Akachagua kuku watatu, akawatazama kwa huruma.

Usiku wa kwanza Mardhiya hakulala. Siku ya pili aliunga waya mwekundu penye mweusi, redio ya watu ikatoa moshi. Jioni simu ikalia.

"Fundi wangu, mzigo umefika?"

"Umefika," alijibu kwa sauti ndogo. Binti akishaposwa habwabwaji na mposaji, hata akiwa na la kusema.

"Vipi? Kuna matumaini?"

"Wazee watakaa Alhamisi."

"Wazee? Si wewe mwenyewe tu?"

"Mtoro, kila jambo lina taratibu zake."

"Haya, mimi nimo mikononi mwako. Ila ujue bila hicho, Jumamosi nimekwisha."

Mardhiya alikata simu, akaikumbatia kifuani kama paka.

Alhamisi adhuhuri nyumba ilinukia pilau mpaka msikitini. Mjomba Ibrahimu alikuja na samaki wakavu, ami Mahmoud na kikohozi chake cha kiofisa, na wale majirani watatu walikuwa wanapita tu wakaambiwa wapite ndani. Wakala. Wakanawa. Bi Shufaa akaleta sinia, akaweka kitambaa katikati. Mjomba Ibrahimu akasoma bismillahi, akafungua fundo.

Kikaangukia sinia, *ng'aa!*

Kiboksi cha bluu.

Mjomba Ibrahimu akakigeuza. Akakitikisa. "Labda vya dhahabu vimo ndani," alisema, akatafuta kisu. Kisha akafungua barua, na kwa kuwa ana sauti ya kuitia watalii, ilisikika chumba chote na pazia lake:

"'Fundi, salamu. Kimekata tangu jana, kinakoroma tu. Nakuomba ukiangalie. Ukishindwa usijisumbue, nitatafuta kingine Kariakoo. Mtoro.'"

Mahmoud akakohoa, safari hii si kiofisa. Jirani mmoja akasema polepole, "Chuma pia mahari," mwenzake akamfinya.

Nyuma ya pazia Mardhiya hakulia. Alikuwa anasikia neno moja tu, la kwanza kabisa. *Fundi.* Miezi minne, na hata jina lake halimo.

Alitoka, akawaamkia wazee wote shikamoo moja moja, akakichukua kile kiboksi kwenye sinia, akaenda nacho kibandani. Waya mmoja ulikuwa umeachia, umeota kutu ya kijani ya chumvi ya pwani. Kazi ya dakika tano. Akausafisha, akaulehemu vizuri kuliko ulivyotoka kiwandani, kwa sababu hasira ni yake lakini kazi ni ya baba yake. Akampa Majaliwa akipeleke Mapinga.

Mtoro alipiga simu jua halijazama.

"Fundi wangu, umekiponya! Mikono yako hiyo..."

"Kaka Mtoro, kazi imekwisha. Nyingine peleka Kariakoo."

"Kaka? Tangu lini mimi kaka?"

"Tangu adhuhuri."

Akakata. Mtoro akapiga mara tisa, haikupokelewa. Mara ya kumi akampigia Majaliwa, na Majaliwa, ambaye hajawahi kuuza kitu anachokijua, akamwuzia habari nusu.

"Ah, kaka, hujasikia? Mardhiya ameposwa. Jumanne. Ami yako Mwinyimvua kapeleka mwenyewe, na kanzu yake. Wajomba wametoka mpaka Saadani, wamekula pilau leo."

Mtoro alikaa juu ya jiwe la mpaka wa kiwanja cha watu. Kumbe ndiyo maana ya wazee watakaa Alhamisi. Kumbe ndiyo maana ya kaka. Na aliyempelekea mtu mwingine posa, katika safari ileile ya kupeleka kiboksi chake, ni ami yake wa damu! Akaapa hatamwuliza lolote mzee yule. Mzee naye, tangu habari ya sinia imfikie, alikuwa amezima simu kwa aibu, anahesabu: arobaini na mbili, zilizorudi tatu.

*

Jumamosi alasiri uwanja wa tamasha ulijaa: wanafunzi, wageni wenye kofia za ukili, wauza mishikaki, wanawake wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo waliokuja kutazama nani kavaa nini. Mardhiya alikuwa pembeni ya jukwaa, maana waandaaji walimkodi tangu mwezi uliopita kuangalia amplifaya. Alivaa gauni refu la samawati, mtandio mweupe, wanja wa kumkomesha mtu. Bi Shufaa naye alikuja na mwavuli. "Nimekuja kumwona huyo mwenye chuma," alisema, akakalia kiti cha mbele kilichoandikwa MGENI RASMI.

Mtoro alipanda na bendi yake, shati jeupe, macho mekundu. Hakutazama pembeni. Akakanyaga kiboksi cha bluu.

Mardhiya alijua toka noti ya kwanza. Ile halua iliyokuwa inajaza kibanda kizima, pale uwanjani upepo wa bahari uliilamba. Besi ikala chini. Matoazi ya Ally, mpiga dramu, yakala juu. Mikono ya Mtoro ilikuwa inakwenda, tena inakwenda vizuri ajabu, lakini mtu ungedhani anajikuna. Watu wakaanza kuongea. Mmoja akaagiza mishikaki kwa sauti iliyoshinda gitaa.

Mtoro akainama, akazungusha nobu ya ukali mpaka mwisho. Ikawa uji.

"Anajificha," Mardhiya alisema peke yake.

Alivumilia wimbo mmoja. Alivumilia wa pili. Aliikumbuka barua, akalikumbuka sinia, akawakumbuka kuku. Lakini kuna watu wakiona mtoto wa jirani anaelekea kisimani, hawakumbuki kwanza ugomvi wa mama zao. Akafungua mfuko wake wa bisibisi. Chini kabisa kilikuwepo kile cha kijani.

Alipanda jukwaani mbele ya mji mzima, akapiga magoti miguuni kwa Mtoro, akaanza kuchomoa waya. Ally, mtu mwenye busara, akaendelea kugonga polepole kama anayesubiri chai.

"Umekuja kuniaga?" Mtoro aliuliza bila kusogeza midomo.

"Nimekuja kubadilisha kiboksi."

"Mwenyewe ataridhia?"

"Mwenyewe nani?"

"Aliyekuposa. Mji mzima unajua. Ami yangu mwenyewe kapeleka."

Mkono wa Mardhiya ulisimama. Akainua uso, akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akataka kucheka.

"Mtoro, ile posa ilikuwa yako."

"Yangu?"

"Ilikuwa hiki." Akakiinua kile cha bluu. "Ulikifunga kwenye kitambaa cheupe kipya, ukatia barua, ukampa Mzee Mwinyimvua, ukamwambia unataka jibu. Ulitaka wazee wangu wadhani ni nini, andazi?"

Mtoro akafumbua mdomo. "Chumvi! Nilikifunga kisipate chumvi! Nilimkuta ami kaja Mapinga kuangalia kiwanja, nikampa haraka, bosi ananiita... hakuniuliza hata neno moja!"

"Ameshapeleka arobaini na moja. Aulize nini? Wazee wamekula kuku watatu, wakasomewa habari za Kariakoo."

"Ya Rabi." Akafunika uso kwa mkono wenye kipigio cha gitaa. Halafu, chini ya mkono ule, sauti ndogo: "Na ingekuwa kweli... ungejibu nini?"

Mardhiya alichomeka waya wa mwisho. Akaishika nobu ya ukali, akairudisha robo. Akasimama, akakung'uta magoti.

"Piga kwanza," alisema. "Na usijifiche."

Mtoro akakanyaga cha kijani.

Ilitoka puani. Haikuwa nene, haikuwa tamu, lakini ilipita katikati ya besi na matoazi kama mwanamke anayepita sokoni na sinia kichwani, kila mtu anampisha bila kuambiwa. Alianza polepole, safi, mpaka muuza mishikaki akaacha kupepea moto. Akaongeza mkono kidogo, gitaa likaanza kukwaruza. Akafika pale pa kupanda, palepale alipokuwa akijificha siku zote, akaiacha noti moja itoke peke yake, bila kifuniko, ikatetemeka juu ya uwanja, ikaomba radhi mbele ya wazee na watoto, ikaomba mpaka mgeni mmoja aliyevua kofia hakujua kwa nini kavua.

Kwenye kiti cha MGENI RASMI, Bi Shufaa alishusha mwavuli. "Huyo," alimwambia mtu asiyemjua, "anaita kama mimi."

Muziki ulipokwisha Mtoro hakupiga goti wala hakushika kipaza sauti kutangaza mambo. Hayo waachiwe wa kwenye televisheni. Pwani mwanamume akitaka mke huenda nyumbani, akanyoa ndevu, akatafuta wazee. Alimrudishia Mardhiya kiboksi chake cha kijani kwa mikono miwili, akasema, "Ijumaa." Basi.

*

Ijumaa, baada ya swala, Mzee Mwinyimvua alitokea tena: kanzu, koti, kofia, shahidi, kitambaa cheupe. Mara hii alitembea kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Majirani walikuwa wameshafagia tangu asubuhi.

Bi Shufaa akakipokea kitambaa, akakipima mkononi, kulia, kushoto.

"Nyepesi!" alisema. "Alhamdulillahi."

Na pale pale akashika fundo.

"Bi Shufaa!" Mzee Mwinyimvua aliruka. "Haifunguliwi mbele ya mshenga! Taratibu..."

"Taratibu imenilia kuku watatu." Akafungua. Hapakuwa na chuma, palikuwa na barua na kishika uchumba chake cha heshima. Akaipitisha barua nyuma ya pazia. "Isome mwenyewe. Nimechoka na wasomaji wa Saadani."

Mardhiya aliisoma kwa kusimama. Neno fundi halikuwemo hata mara moja. Ilianza hivi: *Kwa wazee wa Mardhiya binti Shamsudin.* Jina lake, na la baba yake, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika karatasi saba akachana sita. Alilisoma lile jina kama anayesikiliza redio iliyokuwa imekufa ikianza kukohoa.

Kisha mkono ukatokea chini ya pazia, wenye plasta kidoleni, ukarudisha kitambaa kilekile cheupe, kimefungwa fundo jipya.

Mzee Mwinyimvua alikipokea, na mikono yake ikashuka. Akatoka jasho.

"Bi Shufaa, hii nzito! Mimi sitoki hapa. Niambieni mbele ya shahidi: imekubali, au imeharibika?"

Bi Shufaa akachungulia ndani ya fundo, akaona rangi ya kijani, akacheka mpaka wakamsikia barabarani.

"Imekubali," alisema. "Kamwambie mkwe wangu, katika nyumba hii atakachokanyaga ni hicho tu."